Suruali ya Babu Tukaha

Jumatatu, 8 Januari

Likizo. Ukoo mzima uko kwenye jumba letu la mababu, tunalikarabati. Wanaume wanachonga, wanawake wanasuka. Mimi, msichana, nataka patasi! Tangu Krismasi nafanya mazoezi ya kumwomba Mjomba Tamihana, kwa Kimaori na kwa Kiingereza. Leo nikamfikia, nikafungua mdomo, nikasema, "Chai?" Nikamletea chai. Patasi kapewa binamu yangu Paora, ambaye ameshajikata vidole viwili. Mimi Mjomba kaniambia niende kwa akina shangazi, kuna nyasi za kusuka.

Jumanne, 9 Januari

Mpango! Kila nguzo ya jumba ni sanamu ya mhenga, na ya mbele ni Babu Tukaha, chimbuko letu. Alichongwa uchi, kama wenzake wote wa zamani. Wakaja wamisionari, wakampaka ndevu na suruali nyeusi. Mjomba anasema rangi itoke, ila hakuna mwanamume anayethubutu kumvua mzee mbele ya wanawake. Shangazi Mereana aliwauliza nani aliyewaogesha wote walipokuwa wadogo. Wakakumbuka ghafla kuna kome wa kuchemsha jikoni.

Basi nitamvua mimi. Mjomba akiiona kazi, patasi ni yangu.

Jumatano, 10 Januari

Walipokwenda kula nikabaki. Haya ikanishika. Nikakwangua huku macho yangu nimeyafumba! Vumbi likajaa, nikalipuliza. Nikafumbua jicho moja.

Mama yangu! Chini ya ndevu, chale za kike kidevuni. Chini yake, kifua cha bibi aliyenyonyesha ukoo mzima.

Babu Tukaha ni mwanamke.

Alhamisi, 11 Januari

Balaa. Benchi la wasemaji, ambalo mwanamke hakai, liko mbele ya nguzo ile ile. Miaka themanini wazee wanaegemea pale wakihutubia habari za "dume lililotuzaa". Shangazi Mereana alicheka mpaka akakalia sinia la viazi vitamu. Akamwambia Mjomba, "Haya kaka, muulize Bibi Tukaha kama sisi wanawake tunaruhusiwa kushika patasi!"

Mjomba hakucheka. Alikuwa anatazama midomo yangu, myeusi kwa vumbi. "Kumvua, sawa. Lakini umempulizia pumzi?" Nikatamani ardhi inimeze. Vumbi la wahenga ni mwiko kulipuliza, hufutwa kwa mkono. Hata Paora anajua.

Kisha akakuna kichwa, akasema mkwanguo wenyewe ni safi. Nisiguse nguzo yoyote mpaka Jumapili, ndipo anipe patasi. Siku tatu tu!

Jumamosi, 13 Januari

Nimetulia kama maji mtungini. Ila nguzo ya nyuma ni Bibi Hinekura, kapakwa gauni la buluu. Mabega yake mapana mno kwa bibi. Nani mwingine kaliona hili? Hakuna.

Sikuvunja ahadi, nimekwangua pindo tu. Na vumbi nimelifuta kwa mkono, Mjomba atafurahi kuona nimejifunza. Shida ni kwamba gauni sasa limekaa upande. Haliwezi kuachwa hivyo.

Namalizia.