Umio wa Mfano

Kuanzia Jumatatu ile, wananchi wa kata moja ya Nyamongo walitangaziwa, kwa spika iliyofungwa kwenye bodaboda, kwamba kiungulia sasa kinatambuliwa rasmi. Zamani kilikuwa kinampanda mtu kifuani kiholela tu, bila kibali. Tangu dhahabu ianze kupatikana kwa wingi watu walikuwa wanakula nyama choma na pilipili hadi usiku wa manane, kisha wanalala chali, na Kamati ya Uchunguzi na Ufuatiliaji wa Kiungulia ikaona haiwezi kukaa kimya. Mwenye kiungulia asishuke duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, kuchimba mpaka kamati iridhike kuwa amepoa.

Kanuni zote saba aliziandika katibu, Mogesi, mtu wa mwandiko mzuri na woga mwingi. Kanuni ya tano aliipenda kuliko zote: "Mjumbe wa kamati hana kiungulia." Aliiandika mara baada ya kikao, kifua kikimwaka kama aliyemeza kaa la moto.

Maana yeye alikuwa nacho, mwaka wa tatu huo. Vikaoni alitafuna vidonge vya magnesiamu, na mtu akimwuliza anajibu ni chaki, kana kwamba katibu anayekula chaki ana heshima zaidi. Hilo angelivumilia. Lakini tangu Pasaka tonge la ugali lilikuwa linakwama katikati ya kifua, na baba yake alianza hivyohivyo, akaishia kushindwa hata uji. Mogesi aliogopa kufa. Aliogopa pia kukiuka kanuni ya tano, na ukweli ni kwamba hakujua anaogopa kipi zaidi.

Ndipo kikaletwa kifaa. Nesi Adero alikieleza mbele ya kamati: mrija mwembamba unapita puani hadi kwenye umio, yaani njia ya chakula, kisanduku kinafungwa kiunoni, kwa saa ishirini na nne kinahesabu kila mara asidi ya tumbo inapopanda. Ukisikia moto, unabonyeza kitufe.

Mwenyekiti, Mheshimiwa Nyangwine, aliutazama mrija, akajigusa pua.

"Kifaa cha umma lazima kizinduliwe na kiongozi," alisema. "Wananchi waone umio wa mfano, umio safi. Mogesi, mura, utavaa wewe."

"Ni heshima kubwa, Mheshimiwa," Mogesi akajibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ukatibu alikuwa anasema kweli.

Adero alipokuwa akimfunga mrija shavuni kwa plasta, alimwuliza kwa sauti ya chini, "Katibu, ile chaki yako umeacha lini?"

"Siku saba zilizopita, dada."

"Vizuri, ingeificha asidi. Ukisikia moto, bonyeza. Hata usipobonyeza, mashine itaandika tu."

Akabonyeza. Alibonyeza baada ya chai, baada ya dagaa, na katika kikao cha maandalizi ya uzinduzi kilichochukua saa nne alibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi.

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa wachimbaji. Adero aliyatazama majibu, akamsogelea Mwenyekiti. "Mheshimiwa, hili tungelizungumza pembeni."

"Soma, dada. Kamati haina siri."

"Asidi imepanda mara tisini na nne."

Mogesi alitafuta shimo la kujificha. Nyamongo nzima ni mashimo, lakini pale uwanjani hapakuwa na hata moja.

Mheshimiwa Nyangwine hakutikisika. Kamati haiwezi kukosea hadharani. "Mmesikia wenyewe," alisema. "Tisini na nne. Hicho ndicho kiwango cha umio wenye afya katika kata hii. Atakayepungukiwa ni mgonjwa."

Watu wakapiga makofi. Adero akaandika rufaa ya kwenda Mwanza: kuthibitisha kwa kamera ubora wa umio wa mfano. Mwenyekiti akaigonga muhuri kwa fahari.

Huko Mwanza walimpitishia kamera kooni, wakakata kinyama kidogo kwenda kupima. Wiki mbili Mogesi alilala kwa shemeji yake akiwaza watoto. Kisha daktari akamwambia, "Una vidonda, na njia imebana kidogo. Vinatibika. Saratani hakuna." Mogesi akalia palepale, tai shingoni.

Aliporudi alikuta mambo yamegeuka. Kila mtu alitakiwa kupimwa kama anafikia tisini na nne, na kifaa ni kimoja, kwa hiyo wachimbaji, kwa adabu, walimtanguliza kiongozi. Mheshimiwa alibonyeza kitufe mara mia tatu, lakini Adero akasema kitufe hakihesabiwi, inahesabiwa asidi, nayo imepanda mara nne. Kwa kiwango chake mwenyewe, kata nzima haikuwa na mgonjwa kama yeye. Kanuni ya tano ikamtoa kwenye kiti. Kisha wachimbaji, wakimpa pole, wakamzuia kushuka kwenye duara lake mwenyewe.

Jioni Mheshimiwa alibisha hodi kwa Mogesi, akaketi bila kukaribishwa.

"Ndugu yangu, usinifiche," alisema. "Umio kama wako mtu anaupataje?"

"Kwa kukaa kwenye vikao vyako, Mheshimiwa," Mogesi alisema. "Miaka mitatu, bila kupinga hata mara moja."