Nafasi ya Katikati Katika Chumba cha Umeme

Jumamosi, 4 Agosti 1956

Leo kazi nusu siku. Vidole vimechubuka. Nabandua magome ya miti ya miwati tangu Aprili, lori liliponishusha Makambako, nikapandishwa jingine kuja huku Njombe kwenye baridi. Kambini wananiita Muha, kwa kabila langu. Jina langu hakuna aliyeliuliza.

Nimekwenda kutazama chumba cha umeme wa zamani, kibanda cha bati kando ya kiwanda. Kiingilio bure! Balbu iliyoungua ikawa nyeusi. Mitungi ya kioo ya betri. Na mashine ya kutoa umeme kwa kuzungusha mpini. Mtunzaji, Mzee Hezekia, akatupanga mstari tushikane mikono, wanaume huku, wanawake kule, kama kanisani kwao. Wa kwanza akashika kishikio cha shaba cha mashine, wa mwisho akashika cha pili. Mzee akazungusha mpini. Mungu wangu! Umeme ukatupitia sote, tukapiga kelele, tukacheka.

Miezi minne sijashikwa mkono na mtu.

Nimegundua jambo. Katika mstari mzima, mwanamume mmoja tu anashika mkono wa mwanamke: aliye katikati. Leo alikuwa Linus, tunayelala naye chumba kimoja. Mwanamke alikuwa Telesia, muuza viazi wa getini. Linus! Mtu anayekoroma!

Jumanne, 7 Agosti

Nimenunua viazi mara tatu ili tu nisikie Telesia akisema karibu kaka. Kila mteja ni kaka. Hata mbuzi wa karani angeitwa kaka. Lakini nikimshika mkono Jumamosi ataniuliza jina. Nina hakika.

Baada ya kazi nimemfagilia Mzee Hezekia chumba, nikang'arisha shaba. Nikamwomba nafasi ya katikati. Akasema ni ya mtu mwenye adabu. Nikasema ninayo. Akasema mwenye adabu haombi. Nikafagia tena.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimeipata! Nikanawa mara mbili kwa sabuni ya Linus. Nikanyoosha mkono bila kutazama, kwa heshima. Nikabanwa kama kwa koleo. Bibi Hulda, mama yake Mzee Hezekia! Mzee kamweka hapo makusudi, vijana watulie. Telesia yuko nyuma yake.

Bibi akanisalimu kamwene, salamu ya huku. Akasema mjukuu wangu, mikono yako baridi kama chura. Mama yu hai? Nyumbani wapi? Unaitwa nani? Nikajibu upesi, Muha, maana alikuwa ananiziba nisimwone Telesia. Akasema kesho baada ya ibada nije kwake nile. Nikasema nina kazi. Mpini ukazungushwa. Bibi hakupiga kelele hata kidogo. Alinishika tu, hata umeme ulipokwisha.

Jumatatu, 13 Agosti

Jana kambi ilikuwa tupu. Linus alichana nywele, akaenda anakokwenda kila Jumapili. Nikalala, nikatazama bati, nikawaza. Kizuizi ni bibi.

Leo nimemwambia Mzee Hezekia kwamba nimesikia umeme unachosha moyo wa mtu mzima. Akashtuka. Akanishukuru sana kwa kumjali mama yake. Ushindi!

Jumamosi, 18 Agosti

Bibi Hulda hakuja. Wala Telesia. Wala mwanamke yeyote! Kumbe ni bibi aliyekuwa akiwaleta. Bila yeye wazazi wao hawawaruhusu. Mstari mzima wanaume. Katikati nimeshikana na Linus. Mkono wake una jasho.

Tukirudi nikamweleza mpango wangu wote. Akacheka hadi akakaa chini njiani. "We Muha! Kwa bibi huyo ndiko ninakokula kila Jumapili. Telesia ni mjukuu wake, ndiye anayetupakulia!" Akasema bibi bado ananiulizia, yule mwenye mikono ya baridi yuko wapi? Twende kesho.

Nimekataa. Kesho sina nafasi. Namwandikia Mzee Hezekia barua aniruhusu nizungushe mpini mimi. Mwenye mpini hutazamwa na watu wote.