Jinsi Anacleto Alivyovuka Mto Kuja Kunichumbia

Jumatatu, 3 Mei
Nimeanza! Kitabu cha maisha yangu. Padri ametangaza kwamba siku ya sikukuu ya San Isidro yatasomwa jukwaani maisha ya mzee mmoja wa mji, mbele ya meya. Mmoja tu. Binamu yangu Leonida ameshaandika kurasa saba. Saba! Mtu ambaye maisha yake yote ameuza vifungo. Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane. Nimeketi mezani tangu asubuhi. Nimeandika: "Nilizaliwa." Nikakwama.

Jumanne, 4 Mei
Kosa nimeliona. Kuzaliwa, kila mtu kazaliwa. Nitaanza na mapenzi. Jinsi mume wangu Anacleto alivyovuka mto uliofurika, miaka arobaini na sita iliyopita, kikapu cha bibingka, keki zetu za mchele, kichwani, kuja kunichumbia. Kurasa tatu kabla ya chakula cha mchana! Nimelia mwenyewe. Jioni nikampelekea Leonida bibingka za moto, nipate kuchungulia kurasa zake. Alikuwa amezikalia. Hakuinuka hata kuniaga.

Alhamisi, 6 Mei
Nimemsomea Anacleto. Alikuwa anatengeneza mwavuli wa watu. Nilitaka atie sahihi tu, kama shahidi. Akajikuna sikio. Akasema mto ni kweli, bibingka ni kweli, ila siku ile alikuwa anakwenda kwa Leonida.
Naandika tena, labda sikusikia vizuri. KWA LEONIDA!
Eti alikosea nyumba. Mvua ilikuwa kubwa, na nyumba zetu zilifanana. Mama yangu akamvua shati lililolowa, akampa supu ya kuku, akaita majirani waje wamwone mkwe.
"Ningesemaje, Teofista? Nilikuwa nimeshakula paja."
Paja! Ndoa yangu imesimama juu ya paja la kuku!
Nimemhamishia kibarazani, yeye na miavuli yake.

Ijumaa, 7 Mei
Nikaenda kwa Leonida. Nilipanga kumchimba kwa ujanja, nianzie mbali, kwenye mvua za zamani. Sijamaliza neno mvua, akaniuliza kama Anacleto hatimaye amesema.
Alijua! Siku ile alikuwa dirishani, akamwona anakata kona kuja kwetu. Nikamuuliza mbona hakumwita.
"Nimwite wa nini, dada? Na masikio yale! Nilifunga dirisha nikamshukuru Mungu."
Miaka arobaini na sita anakula Krismasi mezani kwangu, kimya! Kisha akaniambia nisihangaike, yote ameyaandika. Ukurasa wa tano.
Mbele ya meya!
 Nimerudi nyumbani bila kuaga.

Jumamosi, 8 Mei
Sikula kutwa. Anacleto kaja mlangoni na sahani ya wali na samaki mkavu. Nikamuuliza: na Jumapili iliyofuata, ulirudi kwa nini? Kuku alikuwa ameshakwisha.
Akasema Jumapili ile jua lilikuwa linawaka. Nyumba ya Leonida alikuwa ameshaonyeshwa. Aliipita.
"Nilikuja kwako na macho yangu mawili."
Akaweka sahani, akarudi kwenye miavuli yake.  Nimekula wali wote. Nimemrudisha ndani. Miavuli bado iko nje.

Jumapili, 9 Mei
Nimetafakari kanisani. Ukweli ni mzuri, lakini ni mfupi. Hauzidi nusu ukurasa. Kwa hiyo nimeongeza mamba mtoni. Wawili. Leonida yuko dirishani, analia, anapunga leso. Tena nimemnong'oneza padri kwamba binamu yangu siku hizi anasahausahau, maskini, asimtilie maanani, hasa ukurasa wa tano.
Moyo umetulia. Kesho naanza sura ya pili: jinsi nilivyokuwa mwalimu aliyependwa kuliko wote wilayani. Nimewaalika wanafunzi wangu wa zamani, kumi na wawili, waje kuthibitisha.