Madaftari Mawili, Tumbo Moja

Jumatatu, 3 Machi
Aibu tupu. Tumbo limenguruma tena chumba cha kusomea, wasomaji watatu wakainua vichwa. Mkutubi mkuu kaniita pembeni. Kasema likipiga kelele Ijumaa mbele ya wageni wa makao makuu, dawati langu atapewa Pamba, nami nihamie stoo ya magazeti. Pamba ni mwenzangu wa kazi. Hata akipiga chafya husikii. Simpendi.

Jumanne, 4 Machi
Kwa mshauri wa lishe. Mama mpole, kalamu nyekundu. Kanipa daftari niandike kila ninachokula na tumbo linavyojibu, bila kuficha. Atakuwa akifuta chakula kimoja kimoja kwenye orodha ya ninavyoruhusiwa, hadi tumpate mchawi.
Mchana: maharage sahani mbili, vitunguu vya kutosha, chai ya maziwa. Nikavimba kama mpira. Lakini mtu wa heshima humwandikiaje mshauri hivyo? Kwenye daftari lake nimeandika wali kidogo na kuku wa kuchemsha. Kuhusu uvimbe nimesema kweli. Mimi si mwongo.

Jumatano, 5 Machi
Mshauri kasema bila shaka ni wali. Kaufuta.
Jioni mke wangu kauliza nani kamaliza maharage ya kesho. Nimemwambia paka. Hatufugi paka. Kwenye daftari: kuku, karoti, maji. Uvimbe mkubwa.

Alhamisi, 6 Machi
Kuku kafutwa, karoti nayo. Mshauri kasema hajawahi kuona tumbo linalogombana na karoti. Nimebakiwa na uji mtupu. Nimejionea huruma hadi machozi. Nikajipoza kwa maharage. Nimeandika uji.

Ijumaa, 7 Machi
Maharage kidogo asubuhi, ya kutuliza wasiwasi. Wageni wakaingia, chumba kikanyamaza. Tumbo likaanza chini chini, likapanda. Mgeni mmoja akauliza kama tuna jenereta. Pamba akamjibu kwa adabu kwamba hapana, ni mwenzetu.
Nimehamia stoo.

Jumamosi, 8 Machi
Uji umefutwa. Mshauri kaniuliza taratibu kama kuna kitu sikukiandika. Nimeumia sana. Wiki nzima namletea daftari safi, hakuna hata kosa la herufi, halafu ananishuku!
Nimepata mshauri mwingine, mtaa wa pili. Naanza Jumatatu. Daftari jipya nimeshanunua na nimeshalijaza hadi Alhamisi.