Kanuni Yangu ya Pa, Ku na Mu

Jumatatu, 4 Machi
Bwana Chisale, mwalimu mkuu, katangaza: ukarani wa ofisi ni wangu au wa Tionge, mpiga chapa. Ijumaa anatutembelea ofisa elimu kutoka Dedza. Kila mmoja wetu aandike barua ya kumkaribisha, kwa Kiingereza. Barua itakayoshinda itatumwa. Miaka tisa nimekula vumbi la chaki stoo! Kinachonisumbua ni vile vineno vyao tu: in, on, at. Kila nikichagua, nakosea.

Jumanne
Nimepata dawa! Kichewa chetu kinavyo vyote. Pa ni on, mu ni in, ku ni at. Nimejaribu: ku msika, yaani sokoni, at. Ku nyumba, at. Imekubali. Nilimdokezea Tionge kidogo ili aumie. Akacheka, akasema achimwene, kaka yangu, vineno hivyo havina kanuni, kila kitenzi kina chake, unakariri tu. Wivu huo.

Jumatano
Kwa nini nisubiri kuchaguliwa? Nimempa barua yangu mwendesha baiskeli ya abiria aipeleke Dedza kimyakimya. Nimeeleza vizuri kwamba watoto watakimbia kwake, watapaza sauti za furaha kwake na kurusha maua kwake. Kwake, yaani ku. At, at, at. Mchana nimekula nsima, ugali wetu, mara mbili.

Ijumaa
Ofisa kafika na polisi wawili. Watoto walipoanza kumkimbilia na maua, alirudi garini akapandisha vioo. Kisha akamwonyesha Bwana Chisale barua yangu kupitia upenyo wa dirisha. Kumbe kwa Kiingereza nilikuwa nimeahidi kwamba watoto watamvamia, watamfokea na kumtupia maua usoni! Tionge ndiye aliyemtuliza, kwa Kiingereza chake cha kukariri. Kabla ya chai kashapewa ukarani. Imeniuma sana, sina la kuficha.

Jumamosi
Bwana Chisale kanipa nafasi ya mwisho: niombe radhi kwa maandishi, au hata stoo nisahau. Tionge kajitolea kuipitia barua kabla haijaondoka. Nikamwambia asijisumbue. Kosa nimeshaliona mwenyewe: ku ndiyo mbovu. Nimefuta kila at, nikaweka on. Safari ijayo, nimemhakikishia ofisa, watoto wote mia nne watakimbia juu yake. Barua imeondoka saa nne.