Pijo Langu Limehukumiwa Kuwa Ng'ombe

Antipasi Msengi,
Kijiji cha Ujamaa Tumaini Jipya,
Kinyangiri, Iramba.
Jumatatu, 14 Juni 1976.

Ndugu Bwana Mifugo wa Tarafa,

YAH: KUOMBA MNYAMA WANGU AINA YA PIJO AKAMATWE NA KURUDISHWA

Salamu za heshima zitangulie. Huku kwetu tu wazima, mtama umekubali mwaka huu, na yule ndama uliyemtibu ndigana sasa ana nguvu za kuvunja uzio wa majirani. Hilo ndilo jema nililo nalo. Mengine yote ni machungu, na nimeshika kalamu ili nikumwagie wewe.

Najua utashangaa kwa nini nakuletea kesi ya gari, wewe uliyesomea kwato na mikia. Hata mimi nilianzia polisi. Askari niliyemkuta zamu alinisikiliza vizuri, akauliza wazee wa kijiji wamesemaje, nami kwa ukweli wangu nikamwambia wazee wamesema ni ng'ombe. Akaweka kalamu chini, akanielekeza kwako. Kwa hiyo, ndugu yangu, tuko mikononi mwako, mimi na Pijo langu.

Tena nina haraka. Jumamosi hii binti yangu Leah anaolewa na Lazaro, kijana wa Sekenke. Mwaka ule tulipohamia kijijini hapa, Leah alikaa kiti cha mbele cha Pijo, kuku watatu mapajani, akicheka njia nzima, nami nikamwahidi kwamba siku ya harusi yake atakwenda kanisani kwenye kiti hicho hicho, bila kuku. Mtoto hajasahau. Hanidai kwa mdomo, ananiangalia tu, na inaniuma kweli kweli.

Nieleze chanzo. Pijo hilo, rangi ya maziwa, nililinunua kwa Bwana Manji, mwenye duka la vitambaa Singida mjini, alipokuwa anafunga duka kumfuata mwanawe Dar es Salaam. Tulilipenda. Theodora, mke wangu, alikuwa hapandi bila kuvua viatu. Petroli ilipopanda bei nikaona bora niliuze, ninunue jingine dogo kabla ya harusi, na ndipo akaja Mazengo, msomba mawe wa wachimbaji kule Sekenke, mtu mwenye meno mazuri na salamu ndefu. Akasema analitaka sana, ila yeye hanunui kitu asichokijua. Nimpe msimu mmoja alijaribu, kama tunavyojaribu maksai wa plau. Nikaona ana busara. Nani hununua maksai bila kumwona akilima?

Siku ya kumkabidhi niliita mashahidi. Sasa, Ndugu Bwana Mifugo, mimi nimekabidhi ng'ombe maisha yangu yote, lakini gari sikuwahi kulikabidhi hata siku moja. Nilisimama mbele ya watu nikaona lazima niseme neno zito, na neno zito ninalolijua ni lile la baba zetu, tunalolisema tunapompa mtu ng'ombe akae naye: maziwa yako, ndama wangu, akifa niletee ngozi. Nikampa na kamba. Watu wakapiga makofi, Mazengo akapiga kuliko wote, na gari likaondoka.

Sasa malalamiko yangu.

1. Majaribio hayaishi. Msimu ulipokwisha nilimfuata Mazengo. Akanikaribisha uji, akasema gari amelijaribu kwenye mvua na limemridhisha, ila hajalijaribu kiangazi. Kiangazi kikapita, akasema amelijaribu na mawe, sasa angependa kulijaribu na maharusi. Akalijaribu na maharusi wa watu, kwa malipo. Amelijaribu na wagonjwa, amelijaribu na kwaya, amelijaribu na jeneza. Mtu huyu amelijaribu Pijo kuliko wazungu waliolitengeneza, na kila nikimuuliza kama ananunua au anarudisha, ananiambia kwa upole kwamba breki bado zinamtia mashaka.

2. Hukumu. Nilimshtaki kwa wazee wa kijiji chetu. Mazengo akageuka bila kupepesa macho, akasema yeye hajawahi kutaka kununua gari. Alipewa mnyama akae naye, na mashahidi wapo. Wakaulizwa mashahidi, wakarudia maneno yangu neno kwa neno, mmoja akaiga hadi kikohozi changu. Mzee Gaspari, mwenye kuongoza baraza, ambaye amepanda gari mara moja tu maishani na akatapika, akaamua kwamba niliyoyatamka ni maneno ya ng'ombe, kwa hiyo nilichotoa ni ng'ombe. Nilitaka kubisha. Lakini Mzee Gaspari ni mjomba wa mama yangu, nilikuwa nimeshamwamkia shikamoo asubuhi ile, na mtu hawezi kutoa shikamoo asubuhi halafu mchana akamwita mkubwa wake mjinga. Basi nikakubali. Kama ni ng'ombe, na awe ng'ombe, lakini awe ng'ombe kwa kila jambo, si pale tu Mazengo anapotaka. Kuanzia hapa naomba unifuate kwa makini.

3. Ngozi. Mwezi uliopita Mazengo alimtuma mtu wa baiskeli, amefunga boneti ya Pijo kwenye keria. Ujumbe ulikuwa kwamba mnyama amekufa kwenye mteremko wa Sekenke, poleni sana, na ngozi yenu hii hapa. Ndugu yangu, mimi nimechuna ng'ombe wengi. Niliikagua ngozi ile ndani na nje. Haina jeraha wala mkunjo. Imefunguliwa kwa spana, taratibu, na mtu asiye na haraka. Tena siku ya mnada nilimwona marehemu kwa macho yangu, akipita na abiria saba, matumbo wazi, akitoa moshi. Nilimwita. Hakugeuka. Kwa hiyo ama amefufuka, ama alichunwa akiwa hai, na wewe unajua kuliko mimi Serikali inasemaje juu ya kumtesa mnyama. Boneti yenyewe Theodora anaanikia mlenda, na sina budi kusema mlenda unakauka vizuri.

4. Kibali. Mimi nikitaka kumpeleka mbuzi mmoja mnadani nakuja kwako kuomba kibali. Mazengo anamzungusha mnyama wangu Sekenke, Singida mjini na kwingine nisikokujua, bila hata karatasi moja. Na mbaya zaidi ni Jumapili alasiri. Magari yote yamekatazwa kutembea saa hizo ili taifa libane mafuta, nasi tunatii, lakini yeye hupita akipunga mkono. Akisimamishwa anasema huyu ni ng'ombe, kamuulizeni Mzee Gaspari. Jumatatu akitaka nauli, ni gari. Nchi inayojenga ujamaa haiwezi kuvumilia mnyama wa namna hiyo.

5. Josho. Ng'ombe wetu wote wanaogeshwa kila wiki kwa amri yako, na ni amri njema. Pijo hajaogeshwa tangu aondoke kwangu. Nimeyaona matope mwenyewe. Kupe walioko chini ya viti vile sitaki hata kuwafikiria. Naomba utangaze karantini Sekenke nzima, na kila mnyama, mwenye pembe na mwenye honi, apitishwe joshoni mbele yako. Pijo akishuka kwenye lile shimo la dawa hatapanda upande wa pili. Namfahamu, kilima kinachoanzia majini hajawahi kukiweza. Hapo mtamkamata bila kumkimbiza.

6. Ndama. Hili nimeona haya kulileta, lakini haki ni haki. Ndama ni wangu, yalisemwa mbele ya watu. Pijo amekaa kwa Mazengo misimu minne, na kila usiku amelazwa ubavuni mwa lori la wachimbaji. Sisemi zaidi, wewe umesoma. Ninachosema ni kwamba nyuma ya nyumba ya Mazengo sasa kuna toroli, jipya, gurudumu moja, rangi ile ile ya maziwa. Mwanzoni nilijikemea. Kisha nikampeleka kaka yangu Petro akaangalie, sikumwambia kitu, na yeye mwenyewe akasema limefanana na mama yake, hasa huku mbele. Nalidai toroli hilo.

7. Heshima yangu. Wajomba wa Lazaro walikuwa wamebakiza ng'ombe mmoja wa mahari. Wameniletea maneno ya mbuzi, wameniletea maneno ya asali. Nimewaambia mbele ya Padri kwamba ng'ombe ni ng'ombe, na bila ng'ombe huyo kengele ya kanisa haitalia Jumamosi. Wakaniuliza, kwa adabu lakini nikaona wanabana midomo, ng'ombe wangu mwenyewe yuko wapi. Sikulala. Baba wa bibi harusi hawezi kukagua mahari ya watu wakati mnyama wake anabeba kwaya.

Basi naomba hatua zako za haraka. Njoo na dawa, njoo na chuma cha kupigia chapa, njoo na kamba ndefu. Gharama ya uji na kuku ni juu yangu.

Nisalimie mama watoto na karani wako. Mzazi wako mwambie shikamoo yangu, na yule dume wa mbegu wa Serikali mpigepige mgongoni kwa niaba yangu. Atakayekuuliza habari za Antipasi mwambie yupo, anatembea kwa miguu.

Wako katika kulijenga Taifa, mwenye mnyama,

Antipasi Msengi

Nyongeza: Bahasha ilikuwa bado haijafungwa nikasikia honi. Wajomba wa Lazaro wamefika na ng'ombe wa mwisho wa mahari. Wamempata kwa Mazengo, kwa mbuzi sita na debe la asali, na toroli limefungwa nyuma kwa kamba, kamba ile ile niliyoitoa mimi. Nilipoanza kufoka wakanikumbusha hukumu ya Mzee Gaspari, wakanikumbusha na maneno yangu mbele ya Padri, wakaongeza kwamba wangeweza kuleta ng'ombe mtupu lakini kwa heshima yangu wameleta mwenye ndama. Nikamgeukia Petro, ambaye ndiye anayenipokelea mahari kama desturi ilivyo. Alikuwa ameshawapokea wote wawili na kuwafunga kigingini.

Kwa hiyo, Ndugu Bwana Mifugo, nakuomba uichane barua yote, kuanzia la kwanza hadi la saba, na uniandikie haraka, kwa muhuri, kwamba gari si ng'ombe, halijawahi kuwa ng'ombe, na toroli halina mama.

Lakini usiandike kabla ya Jumamosi. Gari likiacha kuwa ng'ombe leo, mahari imepungua, na aliyeapa kuzuia harusi ni mimi. Leah ameshavua viatu, amepanda kiti cha mbele, anacheka vile vile kama siku ya kuku, na hashuki. Nilikwenda dirishani nimfokee, nikajikuta nalifuta kioo vumbi ili aone vizuri. Theodora naye anasema boneti haitoki mpaka mlenda ukauke.

Kwa sasa naomba kitu kimoja tu: kibali cha kusafirisha mnyama mmoja mkubwa na ndama wake, kwenda kanisani na kurudi.

A. M.