Kiti Kimoja Kivulini

Jumatano, 6 Machi
Uwanjani. Hakuna mchezo unaomheshimu mtu aliyekaa kama kriketi. Mrushaji anarudi nyuma polepole kama aliyesahau funguo. Mpigaji anagongagonga ardhi. Asubuhi nzima inapita, hakuna aliyepaza sauti. Raha! Ila kivuli ni kimoja, cha ubao wa alama, kinatosha kiti kimoja tu. Kakikalia Fundi Cherehani, eti kawahi. Mimi niliyejijengea nyumba kwa jasho langu, niko kwenye ngazi za saruji, juani, na upara wangu!

Alhamisi, 7 Machi
Dawa imepatikana. Nimewaambia watazamaji wenzangu, tuko watano, tukigombee kiti kwa wimbo wa utotoni wa kuhesabiana: Panya kavaa kofia, paka kamwomba njia, wewe kaa! Kila neno mtu mmoja. Wamecheka, wamekubali. Fundi kasema huo aliuimba kabla hajaota meno. Kuimba sawa, hesabu je? Maneno manane, watu watano: la mwisho linamwangukia wa tatu. Nikaanzia kwa mwenzetu kinyozi, wa pili Fundi, wa tatu mimi. Nimesinzia kivulini hadi chai.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeshinda tena! Fundi kanipongeza, huku akijisugua goti. Ngazi zinamwumiza. Pole yake. Kesho mechi kubwa. Nimemwalika mke wangu aje amwone mumewe amekaa.

Jumamosi, 9 Machi
Mke kaingia kwenye duara! Nikamwambia hii shughuli si yake. Akanijibu: baba watoto, wimbo huu nimewalelea wanao wote, leo ndiyo unibague? Makofi. Tukawa sita, na mdomo wangu ulishaanza kuimba. "Kaa" likamwangukia Fundi. Mke akamshika mkono, akamkalisha, akamwita shemeji.
Baada ya chai Fundi akaniita: bwana mkubwa, njoo tupokezane, nami ninyooshe goti. Nikamwambia sipokei sadaka. Akaondoka. Kiti kitupu, kivulini. Mimi juani, nakitazama.

Jumapili, 10 Machi
Upara umebabuka. Mke ananipaka mafuta huku akiimba habari za panya. Anasema kesho niwahi tu, Fundi anakwenda kliniki, kiti kitakuwa wazi. Niwahi! Kiti cha kuwahi hukaliwa na yeyote. Nimepiga hesabu: tukiwa sita, nisimame wa pili. Watano, wa tatu. Wanne, wa mwisho. Nitafika wenzangu wakishakusanyika.